Mwongozo wa kununua mashine za kuchambua mazao ghalani: mchele, maharage na parachichi Nyanda za Juu Kusini

Mnunuzi wa mchele akifika ghalani Igurusi au Ubaruku, wilayani Mbarali, huchoma gunia kwa bambo (kifaa chenye ncha cha kuchotea sampuli), hutandaza punje kiganjani na kutafuta vitu vinne: jiwe, punje ya njano, mpunga usiokobolewa na chenga. Hakuna mashine moja inayoondoa vyote vinne. Mwenye ghala anayenunua kala sota, yaani mashine ya kamera inayochambua punje kwa rangi, peke yake, akitegemea kamera zimalize kila kitu, huishia na mashine ya bei kubwa inayopiga mawe kwa hewa mchana kutwa huku punje za njano zikipita.

Tumepanga mashine hizi kwa kigezo kimoja: faida inayorudi kwa ghala la kati la Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, linalopitisha tani 1 hadi 3 kwa saa, lenye umeme wa fezi tatu na mafundi wa kawaida wa umeme na uchomeleaji. Ghala la ukubwa tofauti litapata mpangilio tofauti, ila hesabu ni zilezile.

Kabla ya kuomba bei, pima uchafu wako

Chota sampuli kwa bambo kutoka magunia 10 yasiyofuatana. Changanya, gawa kwa robo mpaka ubaki na kilo 1, kisha imwage juu ya meza yenye mwanga mzuri. Tenganisha kwa mkono mafungu haya: mawe na vioo, mabonge ya udongo, punje za njano, nyeusi, zenye chaki (weupe kama wa chokaa), mpunga, chenga, na zilizotobolewa na wadudu. Pima kila fungu kwa mizani inayosoma gramu 1. Kwenye kilo moja, gramu 10 ni asilimia 1. Fanya hivyo kwa mzigo wa mwanzo wa msimu na wa mwisho, kwa kuwa mpunga uliorundikwa ukiwa mbichi hupata joto na kutoa njano nyingi kuliko uliokauka vizuri kwenye turubai.

Karatasi hiyo ndiyo itakayochagua mashine. Uchafu mwingi ukiwa ni mawe, mapepe na chenga, kamera haihitajiki bado. Ukiwa ni njano, nyeusi na chaki, kamera ndiyo dawa. Ukiwa ni punje zenye rangi nzuri lakini nyepesi au zenye matundu, unahitaji meza ya uzito. Na kama kipima unyevu kinasoma zaidi ya asilimia 14, usinunue mashine yoyote ya kuchambua mpaka utatue ukaushaji. Mchele mbichi hunata kwenye kila sahani na kila ungo, na mzigo uliochambuliwa vizuri utaota ukungu ukiwa kwenye gunia.

Nafasi ya kwanza: chekecheke yenye feni na mashine ya kutoa mawe

Hii ndiyo ya kununua kwanza, na kwa maghala mengi ndiyo itakayoleta tofauti kubwa zaidi kwa kila shilingi. Chekecheke ya mtikisiko ina nyungo mbili: wa juu unazuia vitu vikubwa kama mabua, kamba na vipande vya kiroba, wa chini unaangusha mchanga na mbegu ndogo za magugu. Feni inavuta mapepe na vumbi. Baada yake mzigo unaingia kwenye mashine ya kutoa mawe. Hiyo ni sahani ya mteremko inayotikisika, hewa ikipulizwa kutoka chini: mpunga unaelea na kuteleza chini, jiwe linashikwa na sahani na kupandishwa juu.

Kwa mpunga, iweke kabla ya mashine ya kukoboa, si baada yake. Jiwe likifika kwenye raba za kukobolea huzichana, na raba zilizochanika huvunja punje na kuongeza chenga. Mwenye mashine ndogo ya kukoboa anayelalamikia chenga akague hapa kwanza kabla ya kulaumu mpunga wa mkulima.

Makosa yake ni mawili. Hewa ikiwa ndogo, mpunga hauelei, unapanda pamoja na mawe. Hewa ikizidi, inatoboa tabaka la mpunga sehemu moja na kuacha kwingine kukiwa kumekufa, kwa hiyo mawe yanashuka na mzigo. Yote mawili huzidi pale mzigo unapoingia kwa vipindi. Dai hopa yenye kilango cha kurekebisha juu ya mashine, ili sahani ifunikwe sawasawa muda wote. Mashine inayolishwa kwa ndoo haitatoa mawe ipasavyo hata ingetengenezwa wapi.

Kuna jambo la mwinuko hapa ambalo makabrasha ya wauzaji hayalitaji. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 hadi 18 kuliko ya pwani. Hewa nyepesi hubeba kidogo. Ili iinue punje ileile, feni inatakiwa isukume kwa kasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 10. Omba feni yenye kidhibiti kasi cha umeme, au angalau puli za kubadilisha, na mota yenye nguvu ya ziada. Mota za viwango vya kimataifa huhesabiwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Juu ya hapo hupoa polepole zaidi, kwa hiyo mota ya Njombe isiachwe ifanye kazi kwenye kikomo chake muda wote.

Nafasi ya pili: kala sota ya chuti, kwa mchele

Mchele unashuka kwenye chuti, yaani sahani ya mteremko yenye mifereji midogo, unaanguka mbele ya kamera, na valvu za hewa zinapiga punje mbaya moja moja kabla hazijafika chini. Chuti moja kwa kawaida ina mifereji 64 au zaidi kidogo, na kila mfereji una valvu yake. Muda kati ya kamera kuona na hewa kupiga ni milisekunde chache tu. Ndiyo maana chochote kinachochelewesha punje kwenye sahani au valvu kufunguka huharibu kazi nzima.

*Chuti ngapi?* Anza na mashine yako ya kukoboa. Tani 2 za mpunga kwa saa hutoa takriban kilo 1,300 za mchele. Chuti moja ya mchele inachambua vizuri kati ya tani 1 na 1.5 kwa saa. Kabrasha litasema zaidi, kwa sababu kiwandani hupimwa kwa mchele ambao tayari ni safi. Chukua asilimia 60 hadi 70 ya namba ya kabrasha kama uwezo halisi. Kwa kilo 1,300 basi, nunua chuti tatu: mbili kwa mzigo wa kwanza, ya tatu kwa kurudia yaliyotupwa.

Wanunuzi wengi huikata chuti hiyo ya kurudia ili kupunguza bei, na hapo ndipo hasara inapoanza. Kila valvu inapopiga punje ya njano hubeba na punje nzuri za jirani. Tuseme mzunguko wa kwanza unatupa asilimia 5, yaani kilo 65 kwa saa, na nusu yake ni mchele mzuri. Ukiuza fungu hilo kama chakula cha kuku umepoteza kilo 32 za mchele mzuri kila saa. Ukirudisha kwenye chuti ya tatu, na ikatoa kilo 8 za uchafu kwa kila kilo 1 nzuri inayokwenda nao, utapoteza kama kilo 4 tu. Tofauti ni kilo 28 kwa saa, kilo 224 kwa zamu ya saa nane. Kwa mchele wa shilingi 2,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 448,000 kwa siku moja. Kwa hiyo muulize muuzaji uwiano wa uchafu na mchele mzuri kwenye fungu la kutupwa, na uandikwe kwenye mkataba. Asilimia 99.9 anayoitaja ni ya mchele uliopita. Haikwambii kitu kuhusu unachotupa.

*Kamera.* Dai kamera mbele na nyuma ya punje, kwa kuwa doa liko upande mmoja tu. Uliza kila pikseli inafunika upana gani. Chuti ya milimita 320 ikitazamwa na kamera ya pikseli 5,400, kila pikseli inaona kama milimita 0.06. Ikitazamwa na ya pikseli 2,048, ni kama milimita 0.16. Ya pili inatosha kwa punje ya njano nzima, lakini itakosa ncha nyeusi ndogo. Taa ziwe za LED. Taa za zamani za mirija hufifia polepole, na mashine huanza kutupa mchele mzuri bila mtu kujua sababu.

Muuzaji atakushawishi uongeze kamera za infraredi za kuona kioo na mawe meupe. Kama una mashine ya kutoa mawe inayofanya kazi, usilipie. Kioo na jiwe ni vizito kuliko punje, na vitakuwa vimeshatoka huko nyuma. Fedha hiyo iende kwenye hewa.

*Hewa.* Hapa ndipo kala sota nyingi hushindwa. Kompresa hubana hewa pamoja na unyevu wake na mvuke wa mafuta. Unyevu huo ukifika kwenye valvu hukutana na vumbi la pumba na kuwa gundi. Valvu iliyoganda imefungwa haitupi chochote, na utaona uchafu ukishuka kwenye mstari mmoja wa chuti. Iliyoganda wazi inapuliza bila kukoma na kutupa mchele mzuri. Mpangilio sahihi ni huu: kompresa ya skrubu, tangi la lita 1,000, filta ya maikroni 1, draya ya ubaridi (inayokausha hewa kwa kuipoza), filta ya maikroni 0.01, kisha mashine. Kompresa ya pistoni ya gereji haifai. Inatoa mafuta mengi, na haikujengwa kufanya kazi mfululizo.

Ukubwa wa kompresa upimwe kwa mahali ulipo. Mashine inahesabu hewa ya usawa wa bahari, ila kompresa yako inavuta hewa ya mlimani. Kwa Mbeya mjini na Iringa ongeza karibu asilimia 20 juu ya namba ya kabrasha. Njombe ongeza zaidi kidogo. Kwenye tambarare za Usangu, Mbarali, ambako mwinuko ni kama mita 1,000 na kidogo, asilimia 12 inatosha. Kyela, jirani na Ziwa Nyasa, asilimia 5. Kisha ongeza asilimia 20 nyingine kwa uvujaji na uchakavu. Mfano: kabrasha linataka mita za ujazo 2 kwa dakika. Mbeya zinakuwa 2.4, na baada ya akiba 2.9. Kompresa ya kilowati 15 hutoa karibu 2.3 na itashindwa. Unahitaji ya kilowati 18.5 hadi 22. Dalili ya hewa pungufu ni rahisi kuitambua: asubuhi mashine inachambua vizuri, saa tano mchele wa njano unaanza kupita, na geji kwenye ingizo la hewa inacheza chini ya bar 6.

Bomba kuu la hewa liwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye koki ya kumwagia maji, na tawi la kwenda kwenye mashine litoke upande wa juu wa bomba, si chini. Draya ya ubaridi inaondoa mvuke unaoweza kugeuka maji hewa ikipoa mpaka nyuzi joto 3 hivi. Njombe na Makete, usiku wa Juni na Julai, bomba lililopitishwa nje ya ukuta linaweza kupoa chini ya hapo na kuanza kutoa maji tena. Lipitishe ndani ya jengo.

*Umeme.* Kala sota yenyewe hula kidogo, kilowati chache za fezi moja. Inachokihitaji ni voltiji isiyoyumba. Iweke kwenye stabilaiza ya mota ya kVA 5 au zaidi, na laini tofauti na ya kompresa. Kompresa ikiwaka kwenye laini hiyohiyo, taa za LED zinashtuka na kamera inasoma giza. Weka UPS (betri ya dharura) ya kutosha kuzima mashine kwa utaratibu, kwa sababu kukatika kwa ghafla kunaharibu faili za mipangilio. Jenereta isiyo na tabo (turbo) hupoteza asilimia 10 hadi 12 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Yenye tabo hupoteza kidogo tu, ndiyo maana tunaipendelea huku juu.

*Joto na pumba.* Mchele unaotoka kwenye mashine ya kung'arisha ni wa moto na umefunikwa na unga wa pumba. Ukikutana na chuti baridi ya asubuhi, unatoa jasho, pumba inanata, na punje zinaanza kurukaruka badala ya kuteleza. Omba chuti yenye hita. Kama haina, weka eleveta na hopa ya kupoza kati ya ung'arishaji na kala sota, na washa mashine dakika 20 hadi 30 kabla ya kuingiza mzigo. Chenga zitolewe kabla, kwa ungo au silinda ya vishimo. Vipande vidogo hupeperushwa na hewa iliyolenga punje nzima, na huchafua mafungu yote mawili. Chumba cha kala sota kitengwe na chumba cha kukoboa kwa ukuta. Si anasa. Vumbi likikaa kwenye kioo cha kamera, hakuna mpangilio wa skrini utakaolirekebisha.

*Jinsi ya kuijaribu kabla ya kulipa.* Tuma kilo 20 za mchele wako wenyewe, ule mbaya wa mwisho wa msimu. Wauzaji wengi wa mashine za Kichina wako Hefei, mkoani Anhui, na hupokea sampuli na kurekodi video. Video pekee haitoshi. Dai namba: kwenye kilo 1 ya mchele uliopita, gramu ngapi za uchafu zimebaki, kwenye gramu 500 za fungu la kutupwa, gramu ngapi ni mchele mzuri. Jaribio lifanywe kwa kasi tatu za ulishaji, na kasi ya juu iwe ile utakayoitumia kweli. Buhler ya Uswisi na Satake ya Japani nazo zipimwe kwa njia hiyohiyo. Ubora wao unajulikana, lakini swali lako ni kama fundi wao anafika Mbeya ndani ya siku mbili au mwezi.

Nafasi ya tatu: meza ya uzito, kwa maharage, mbegu na kahawa

Maharage yana shida tofauti. Fukusi hutoboa tundu dogo la mviringo, na kamera italiona tu kama tundu limegeukia upande wake. Meza ya uzito haijali tundu liko wapi. Hewa inainua punje nyepesi, mtikisiko unazisukuma nzito upande wa juu, na unapata mafungu matatu: nzito, nyepesi na la kati linalorudishwa mwanzo. Kwa ghala la maharage, tungeiweka mbele ya kamera yoyote. Maghala ya mbegu na ya kahawa ya Mbozi yana sababu hiyohiyo, kwa kuwa punje nyepesi ya kahawa mara nyingi ndiyo yenye kasoro kwenye kikombe.

Kuna sharti moja lisilo na njia ya mkato: mzigo uwe na punje za ukubwa mmoja kabla ya kupanda mezani. Punje kubwa nyepesi na punje ndogo nzito huelea sawa, na meza haitazitofautisha. Pitisha kwanza kwenye nyungo za ukubwa.

Meza ina marekebisho matano: wingi wa mzigo, hewa, mwinamo wa upande, mwinamo wa mbele, na kasi ya mtikisiko. Fundi abadilishe moja tu, asubiri dakika chache mpaka mzigo utulie, ndipo aguse jingine. Sahani ifunikwe yote. Sehemu tupu ikionekana, hewa yote hukimbilia hapo na meza nzima inakufa. Na kama ilivyo kwa mashine ya kutoa mawe, ukubwa wa feni uzingatie mwinuko.

Maharage yanayopigwa kwa fimbo chini huja na mabonge ya udongo yenye ukubwa, rangi na karibu uzito wa haragwe. Mashine ya kutoa mawe haiyatoi yote. Kinachoyatoa ni mashine ya sumaku yenye mkanda mpana: udongo wenye chuma huvutwa kidogo na kuanguka mahali tofauti na haragwe. Iwe baada ya meza, na mkanda ufutwe vumbi kila zamu. Tunashangaa ni maghala machache kiasi gani yanaiulizia, ilhali udongo ndio malalamiko ya kwanza ya anayepika.

Nafasi ya nne: kala sota ya mkanda

Hapa mzigo unalala kwenye mkanda badala ya kuteleza kwenye chuti. Haragwe halibingiriki, halipigi sahani kwa nguvu, na halipasuki maganda. Kwa maharage, karanga na chochote chenye umbo lisilo sawa, mkanda huchambua vizuri kuliko chuti. Lakini kwa bei ileile unapata tani chache kwa saa, na mkanda wenyewe ni kipuri cha kubadilisha. Ndiyo maana uko nafasi ya nne na si ya pili.

Wakulima wengi huchanganya aina za maharage shambani, na mzigo mmoja unaweza kuwa na Njano Uyole, mekundu na yenye madoa. Mashine inafanya kazi hiyo kwa mizunguko miwili: wa kwanza kutenga rangi, wa pili kutoa kasoro ndani ya kila rangi. Usijaribu yote kwa mzunguko mmoja. Maharage hugeuka rangi kadiri yanavyokaa, kwa hiyo mpangilio wa Julai hautafaa kwa mzigo uleule Desemba. Fundishia mashine upya kwa sampuli mpya kila shehena. Haragwe ni zito mara nyingi kuliko punje ya mchele na kila pigo linakula hewa zaidi. Omba namba ya hewa kwa maharage, si ile ya mchele iliyoko kwenye kabrasha.

Nafasi ya tano: mashine ya kupanga kwa uzito, kwa parachichi na viazi

Kwa parachichi za Njombe na Rungwe, mashine inayofaa ni ya vikombe vinavyopima kila tunda na kuliangusha kwenye sehemu yake. Ya roli zinazopanuka hupima unene, na umbo la parachichi huidanganya. Namba ya ukubwa ni idadi ya matunda kwenye boksi la kilo 4: 16 ni gramu 227 hadi 274, 18 ni gramu 203 hadi 243, 20 ni gramu 184 hadi 217. Mipaka hiyo inaingiliana, kwa hiyo mashine iwe na usahihi wa gramu 2 na programu inayokuruhusu kuweka mipaka ya mnunuzi wako. Kagua kila mahali tunda linapoanguka. Michubuko ya parachichi aina ya Hass haionekani siku ya kupanga, huonekana tunda likiiva, likiwa mbali na likiwa limeshalipiwa usafiri. Ukomavu wa ndani hauonekani kwa mashine hii. Kipimo cha kikavu, yaani kinachobaki nyama ya tunda ikikaushwa, kifanyike pembeni.

Viazi mviringo havihitaji haya yote. Nyungo za mraba za milimita 35, 45 na 55, zilizofunikwa mpira, zinatosha.

Kwa forodha, mashine za kuchambua nafaka na mikunde ziko kwenye msimbo 8437.10, na za matunda na mazao mengine 8433.60. Hakikisha wakala wako ameandika sahihi kabla mzigo haujapanda meli.

Nafasi ya mwisho: mashine iliyotumika

Inaweza kufaa, ila kwa mwenye fundi wa umeme wa kuaminika. Ingia kwenye menyu ya majaribio ya valvu, piga moja baada ya nyingine kuanzia 1 hadi ya mwisho, huku ukishika ukanda wa karatasi mbele ya tundu. Kila valvu isiyotikisa karatasi ni ya kununua mpya. Uliza saa za kazi, aina ya taa, na kama nywila ya msimamizi itakabidhiwa. Mashine iliyofungwa kwa nywila ya mtu mwingine haiwezi kubadilishiwa mipangilio ya msingi, na hapo umenunua chuma.

Mkataba, barabara na vipuri

Gawa malipo ili asilimia 10 ibaki mpaka mashine ifikie namba za jaribio ikiwa ghalani kwako, kwa mzigo wako. Bima ya mzigo isiishie bandarini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za lami yenye matuta, na mlima wa Kitonga njiani. Kreti ipande wima na ifungwe isicheze, boliti za kufungia vitetemeshi zisitolewe kabla ya kufika, na nafasi ya kamera ipimwe upya kabla ya mzigo wa kwanza. Weka intaneti ya uhakika kwenye chumba cha mashine, maana mafundi wa kiwandani hurekebisha mengi wakiwa kwao.

Vipuri viagizwe pamoja na mashine, kwenye kreti moja: valvu asilimia 5 ya zote (mashine ya valvu 192 iwe na 10 za akiba), bodi moja ya kuendeshea valvu, pawasaplai moja ya kila voltiji, kitetemeshi kimoja, seti moja ya taa, raba na mkanda wa vifutio vya kioo, na seti nne za vichujio vya ndani vya filta za hewa. Oili ya kompresa ya skrubu ibadilishwe saa 500 za mwanzo, kisha kila saa 2,000, pamoja na filta. Bandika kadi ya saa hizo ukutani karibu na swichi ya kompresa, na anayewasha asubuhi ndiye aijaze.